Steringi alikufa mwanzo wa part two, nami nikamwambia Wafula kuwa alipona

Wakuu, hamjambo. Wa rika langu, niaje.

Mimi humu huwa nasoma tu. Ni miaka mingi napita kwenye nyuzi zenu bila kuacha neno. Nilisoma hadi darasa la nane, na vidole vyangu ni vizito kwa simu, kwa hivyo uzi huu nimeuandika kwa siku nne, kidogo kidogo. Yote nitakayosema yalitokea. Pale nilipokosea mimi, nitasema ni mimi.

Juzi kuna mtu aliuliza humu kwa nini part two za muvi za kuogofya huwa mbovu kuliko part one. Nilianza kumjibu, jibu likawa refu, halafu nikaona halihusu muvi peke yake. Linahusu rafiki yangu Wafula, na jinsi watu walivyoacha kuliamini neno lake kwa sababu yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, naishi kwa wazazi Kaloleni. Baba alikuwa amestaafu kazi ya reli. Mimi nilikuwa kibarua katika kiwanda kimoja cha plastiki Industrial Area. Tulitengeneza mabeseni, jagi na ndoo. Kazi yangu ilikuwa kupunguza kingo za mabeseni kwa kisu kidogo yakitoka kwenye mashine, yakiwa bado na moto.

Nilikuwa mtu wa haya sana. Mtu akiniuliza ni saa ngapi, nilimwonyesha saa ya ukutani badala ya kusema. Kiwandani waliniita Bubu. Sikuchukia. Jina lile liliniruhusu kunyamaza.

Saa saba tulitoka kwa lanchi. Tulikaa kwenye nyasi kando ya ukuta, upande wenye kivuli. Mwenye chochote alinunua githeri kwa mama wa kibanda. Wengine walikula hewa. Kwa mtu anayekula hewa, saa moja ni ndefu sana, na kitu pekee kilichoifupisha kilikuwa muvi.

Sio kuiona. Kusimuliwa.

Ilikuwa desturi yetu. Muvi ikionekana Jumapili, inasimuliwa Jumatatu. Ikiwa tamu, inakatwa vipande hadi Jumatano. Na msimuliaji alikuwa mmoja tu, Wafula.

Wafula alikuwa kijana mrefu, mwembamba, watu wao ni wa Bungoma, anaishi Mukuru kwa Njenga na wazazi wake. Hakuwa anasimulia akiwa ameketi. Akifunga mlango hewani, ulisikia komeo likiingia. Akimtaja adui, alinong'ona hadi watu wakasogea bila kujua wamesogea. Kulikuwa na msichana wa kupakia mabeseni, Halima, wa kule Majengo. Yeye kwao hakuruhusiwa kwenda video, yaani vile vibanda vya kuonyeshea muvi, na alisema hata angeruhusiwa asingeenda kukaa gizani na walevi. Lakini hadithi ya Wafula hakuikosa hata siku moja.

"Wafula," alimwambia siku moja, "wewe ukihama hapa nani atatuulia hawa maadui wa muvi?"

Watu walicheka. Wafula akainama kama mwanamuziki.

Sasa niwaambie siri ambayo wakati huo tuliijua wawili tu.

Wafula hakuwa amewahi kuingia video. Hata mara moja.

Baba yake alikuwa mzee wa kanisa, lile la kanzu nyeupe na ngoma. Jumapili nzima Wafula alikuwa barabarani na kanzu yake, ngoma begani, akipiga mbele ya waumini. Mukuru yote ilimjua. Kwao video ilikuwa nyumba ya shetani, na kama angechungulia tu mlangoni, habari ingemfikia baba yake kabla yeye hajafika nyumbani.

Aliyekuwa anaziona muvi ni mimi.

Jumapili mchana nilienda kwenye video moja hapo kwetu Kaloleni, chumba cha mabati nyuma ya duka, tunakaa juu ya kreti za soda. Jumatatu asubuhi nilifika langoni mapema. Vibarua tulingoja pale nje hadi supavaiza atoke kutuchagua. Mimi na Wafula tulikaa pembeni juu ya bomba la saruji, namsimulia yote.

Kwake nilikuwa na maneno. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu alisikiliza akiangalia chini, hakunikodolea macho.

Nilisimulia vibaya, nakubali. Nilikuwa nasema, "Akaingia. Akamkuta. Akamchoma." Saa saba nilisikia maneno yangu hayohayo yamekuwa kitu kingine. Mimi nilileta unga, yeye alisonga ugali. Hilo lilikuwa halali kabisa, na kwa muda mrefu lilinifurahisha.

Sasa tuje kwenye muvi yenyewe.

Jina lake la Kizungu silikumbuki, na hata wakati ule hatukulitumia. Tuliiita Mzee wa Nyuki. Adui alivaa kofia yenye wavu kama ya mrina asali, na alibeba kile kisu kirefu cha kukatia masega. Kabla hajatokea ulisikia mlio wa nyuki. Steringi alikuwa dada mmoja aliyepeleka maziwa nyumba kwa nyumba na gari dogo. Tulimwita Dada wa Maziwa.

Kwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa, steringi ni yule mkubwa wa muvi, yule unayemfuata. Na Eastlands nzima tulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Steringi hafi. Anapigwa, anatupwa mtoni, anachomwa, lakini hafi. Mtu alikuwa tayari kubishana dini kuliko kubishana hiyo.

Part one ilikuwa nzuri sana. Adui huoni uso wake hata mara moja. Unasikia nyuki, unaona wavu, basi. Dada wa Maziwa anashinda kwa akili, sio kwa nguvu.

Wafula aliisimulia siku tatu. Siku ya mwisho akakosea. Alisema Mzee wa Nyuki alivua kofia, uso wake umevimba wote.

Sijui nini kilinipata. Nilifungua mdomo mbele ya watu kama ishirini, nikasema, "Hakuvua."

Wote waligeuka. Kuna mtu alisema, "Ala, kumbe ina betri."

Wafula aliniangalia. Nafikiri aliogopa. Kama ningeendelea, watu wangejiuliza Bubu anajuaje. Kwa hivyo akafanya alivyojua kufanya.

"Bubu ameongea," akasema. "Mama, toa nguo kwa kamba, mvua inakuja." Watu wakaanza kucheka. "Wewe, nikiangalia hiyo muvi ulikuwa wapi? Muvi haitaki mtu wa macho, inataka mtu wa mdomo. Kula githeri yako kabla haijapoa."

Halima alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Wakuu, nimesema nitasema ukweli. Nilimpenda Halima. Hakujua, na hakuna aliyejua. Kicheko cha wale wengine kilinipita. Cha Halima nilienda nacho nyumbani.

Jioni Wafula alinifuata nje ya lango. Alikuwa na mua, akauvunja magotini, akanipa nusu.

"Usiweke moyoni, Bubu wangu. Ungeniuza pale."

Nilichukua mua. Niliula wote hadi Kaloleni. Lakini niliweka moyoni.

Miezi ilipita. Kiwandani mambo yakawa magumu kidogo. Mashine mpya ilitoa mabeseni yakiwa moto zaidi, na sisi wa visu tulikuwa tunaungua vidole. Tulifunga vitambaa, vikapitisha moto. Wafanyakazi wakakubaliana mtu aende kwa supavaiza kuomba glavu. Hakukuwa na chama wala nini. Ilihitajika tu mtu ambaye akiongea anasikilizwa.

Hakuna aliyetaja jina lingine. Wakasema Wafula, Ijumaa ijayo.

Alifurahi sana. Aliniambia baba yake hajawahi kumwona kuwa mtu wa maana ila kwa ngoma. "Sasa nitamwambia watu wazima wamenituma," akasema. Alianza hata kuchomeka shati.

Kwa hivyo nilijua. Wiki ile nilipofanya nilichofanya, nilijua kabisa kwamba Ijumaa inakuja na kwamba Wafula ataenda na kitu kimoja tu, yaani kuaminiwa.

Jumapili kabla ya Ijumaa hiyo, part two ikafika Kaloleni. Waliandika kwa chaki ubaoni, herufi kubwa. Chumba kilijaa hadi watu wakakaa kreti moja wawili.

Muvi ilianza. Dada wa Maziwa yuko nyumbani kwake, mwaka mmoja umepita. Madirisha amepiga mbao. Anachemsha chai. Anasikia mlio wa nyuki. Anachukua kisu, anafuata mlio pole pole, anakuta ni friji. Anacheka. Na sisi tukacheka, tukavuta pumzi.

Kile kisu cha masega kikatokea nyuma yake, akafa hapo hapo, bado anacheka.

Halafu mtu nyuma akasema kwa hasira, "We wa kanda, umeanzia mwisho. Rudisha."

Wengine wakaitikia. Rudisha, rudisha. Mwenye video alisimamisha, akatoa kanda, akawaonyesha kwamba upande mmoja bado ni mnene, haijafika hata robo. Hawakuamini. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu akasema, "Basi huyo ni pacha wake. Steringi hafi." Hiyo ikawatuliza. Waliangalia muvi yote wakimngoja yule mwingine atokee. Ilipoisha, na majina yakaanza kupanda, watu hawakusimama. Walikaa pale wakingoja.

Mimi nilitoka mbio, na sio kwa woga. Nilitaka kumweleza Wafula. Niliona jinsi atakavyoisimulia ile sehemu ya friji. Nilijua kabisa atakapocheka na mahali atakaponyamaza.

Jumatatu asubuhi tukakaa juu ya bomba.

"Haya," akasema, akiinamisha kichwa. "Dada wa Maziwa yuko?"

Nilifungua mdomo kusema amekufa. Na wakati ule ule Halima alikuwa anavuka barabara kuja langoni. Akampungia Wafula mkono. Mimi hakuniona, ingawa tulikaa bega kwa bega.

Nikasema, "Yuko."

Hilo ndilo neno. Baada ya hilo mengine yalijileta yenyewe. Nilimwambia Dada wa Maziwa alipambana na adui muvi nzima. Nikamwambia mwishowe alimvuta hadi kiwanda cha maziwa, akamsukuma ndani ya tangi kubwa, nyuki wakaelea juu ya maziwa. Mimi mtu wa "akaingia, akamkuta", siku hiyo nilisimulia vizuri kuliko siku zote.

Wafula alipiga goti kofi. "Tangi la maziwa," akasema. "Bubu, hiyo ni tamu."

Hakushuku. Angeshuku vipi? Nilimwambia kitu ambacho kila mtu alikijua tayari. Steringi hafi.

Alisimulia Jumatatu na Jumanne. Jumanne alifika kwenye tangi. Sijawahi kumwona hivyo. Alipanda juu ya debe, akamsukuma mtu wa hewani, akatengeneza mlio wa nyuki wakizama mmoja mmoja. Halima aliziba masikio. Hata mama wa kibanda alisimama na mwiko mkononi.

Sasa siku hiyo kulikuwa na lori linangoja mzigo. Utingo wake, kijana wa Baba Dogo waliyemwita Oti, alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba anasikiliza. Wafula alipomaliza na watu wakapiga makofi, Oti akauliza taratibu tu.

"Buda, hiyo ni muvi gani?"

"Mzee wa Nyuki, part two."

"Part two ya wapi? Mimi nimeiona Baba Dogo Jumamosi. Huyo dem alikufa hata sijakaa vizuri kwa kreti."

Watu walicheka, lakini kwa Oti. Mmoja akamwambia, "Steringi hafi, bro. Ulikuwa umelala."

"Haya, nimelala," Oti akasema. "Na huyu aliona wapi?"

"Kaloleni," Wafula akasema.

"Kaloleni nyuma ya duka? Hapo napajua. Siku ya kuonyesha ulikaa wapi?"

"Kwa kiti. Mbele."

Oti hakucheka. Aliangalia watu. "Kaloleni kuna kiti?"

Kulikuwa na wawili watatu pale ambao walikuwa wameingia ile video siku moja. Niliona nyuso zao zikibadilika. Kisha Oti akauliza mlango wa kuingilia uko upande gani, Wafula akakosa. Akauliza mwenye video ni mnene ama mwembamba.

Ndipo Wafula akaniangalia.

Wakuu, alikuwa na njia. Angesema tu, "Bubu ndiye aliniambia." Maneno matatu. Yangekuwa kweli, na mimi ndiye ningebaki na aibu. Aliniangalia muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana. Mimi nikaangalia githeri.

Hakunitaja.

Akashuka kwenye debe, akasema, "Labda nilichanganya." Akaenda kunywa maji kwenye mfereji, na akakaa huko hadi kengele.

Kufikia jioni kiwanda kizima kilijua kwamba Wafula hajawahi kuingia video. Muvi zote alizosimulia, hata zile za kweli, zikawa uongo. Watu walimwita Tangi la Maziwa. Hawakuwa na ubaya mwingi, ni ule utani wa kawaida wa kazini. Lakini kila alipofungua mdomo, hata kusema mashine imeshika, kuna mtu alijibu, "Umeona kwa macho yako?"

Lanchi ya Jumatano na Alhamisi hakuna aliyesimulia kitu. Watu walilala kwenye nyasi na kofia usoni.

Ijumaa ikafika. Nilifikiri hataenda, akaenda. Tulimfuata kama wanane, mimi nikiwa wa nyuma kabisa. Shati alikuwa amechomeka. Alibisha mlango wa supavaiza na akaongea vizuri, kwa heshima.

"Mzee, tumetumwa na wenzetu. Ile mashine mpya inatuchoma. Wiki jana watu watatu wameungua vidole. Tunaomba glavu."

Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti ya chini, "Steringi hafi." Wawili wakacheka kwa pua.

Supavaiza alikuwa ameisikia ile hadithi, kama kila mtu. Akatabasamu. "Watatu? Na hao umewaona kwa macho yako, ama nao walikuwa kwenye tangi la maziwa?"

Basi wote wakacheka, hata wale waliokuwa na vidole vimefungwa vitambaa. Mimi sikucheka, lakini hilo halinisaidii. Nilikuwa na kidole gumba kimeungua. Ningekiinua tu. Sikuinua.

Supavaiza akasema suala litaangaliwa. Halikuangaliwa. Niliondoka kiwanda kile baada ya miaka miwili, na glavu hazikuwa zimekuja.

Kesho yake, Jumamosi, tulitoka saa sita. Wafula alinisubiri nje ya lango, pale kwenye bomba. Akaniambia Jumatatu hatakuja. Atajaribu kwingine, ama arudi nyumbani Bungoma akasaidie mjomba wake kwenye miwa.

Halafu akauliza, bila ukali wowote, "Ile muvi, Bubu. Ulisinzia, sivyo?"

Alinipa mlango. Nafikiri alikuwa ameuwaza wiki nzima, akatafuta sababu ambayo ingemwachia rafiki.

Nikasema, "Nilisinzia kidogo."

"Nilijua," akasema. "Mtu amefanya kazi siku sita, atakosa kusinzia? Si kosa lako. Hata ingekuwa mimi." Akanipiga bega. "Halafu ile ya tangi ulitunga vizuri. Siku moja utasimulia mwenyewe."

Akaenda zake upande wa Mukuru. Sikumwita.

Baada ya mwezi nilijikaza nikaenda kwao. Nilimkuta baba yake nje ya nyumba anaanika kanzu. Akasema Wafula alishasafiri. Akaniuliza, "Una ujumbe, kijana wangu?"

Nilikuwa nimeupanga ule ujumbe njia nzima, neno kwa neno.

"Hapana, mzee. Msalimie tu."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kusikia habari zake. Halima aliolewa, akahama. Wala hadithi hii haikuwa ya Halima, ingawa wakati ule nilidhani ni yake.

Sasa nimjibu yule aliyeuliza kuhusu part two.

Ile part two nimeifikiria kuliko muvi yoyote maishani. Niliiona tena mara mbili baadaye. Naweza kusema ubaya wake bila shida. Ina vijana wengi mno, tisa, na huwezi kumtofautisha huyu na yule hadi afe. Wanajua kuna muuaji, bado wanaachana mmoja aende kuleta kuni. Katikati wanatuletea maelezo marefu ya utoto wa Mzee wa Nyuki, mama yake alimfungia wapi, na ukishajua yote hayo humwogopi tena, unamhurumia kidogo na unachoka. Mbaya zaidi ni kwamba wanamvua kofia. Uso wenyewe ni plastiki, na mimi plastiki naijua. Mwisho anafumbua jicho ili kuwe na part three.

Ajabu ni kwamba Wafula, ambaye hajawahi kuiona, alisema kwenye part one kwamba adui alivua kofia na uso umevimba. Waliotengeneza part two walikosea vile vile alivyokosea yeye. Wao walilipwa.

Lakini ina uzuri, na uzuri huo sikuwahi kumwambia mtu.

Kwanza ni ile friji. Wanakufanya ucheke, halafu wanakupiga ukiwa umecheka. Baada ya hapo huna mtu wa kumshika mkono ndani ya muvi ile. Kila anayetokea unajua anaweza kufa, kwa sababu hata Dada wa Maziwa alikufa. Watu wa Kaloleni waliona ni kosa la kanda. Mimi naona ni ujasiri. Tatizo ni kwamba waliotengeneza walikuwa na ujasiri wa dakika kumi tu, halafu hawakutupa mtu mwingine wa kumpenda. Ukimwondoa steringi lazima uweke mtu kwenye nafasi yake. Wao waliweka watu tisa, na tisa hao hawakufikia nusu ya mmoja.

Pili, kuna mzee mmoja kiziwi, mtunza bustani. Anapogoa maua. Sisi tunasikia nyuki wanakaribia, yeye hasikii. Mlio unapanda hadi unataka kumpigia kelele. Mzee wa Nyuki anapita nyuma yake, karibu kabisa, anaenda zake. Yule mzee anaendelea kupogoa. Hajui hadi leo. Hakuna damu, hakuna neno, na ndiyo sehemu inayotisha kuliko zote. Muvi nzima ingefanywa hivyo ingeishinda part one.

Hiyo ndiyo part two. Wafula angeisimulia kwa siku nne, na ile ya mzee kiziwi ingechukua lanchi nzima.

Nilichojifunza ni hiki. Watu humsifu mtu mkimya. Wanasema hana maneno, hana ubaya na mtu. Mimi nilikuwa mkimya kuliko wote pale, na nilimharibia mtu jina kwa neno moja, "yuko". Kisha nikazidisha kwa kunyamaza mara tatu, mbele ya utingo, mbele ya supavaiza, na mbele ya baba yake. Kuona haya sio sababu. Nilikuwa na sauti ya kutosha siku ya kudanganya.

Na kwa vijana wanaofanya kazi na mwenye kipaji cha kuongea, wewe ukiwa ndiye unayemletea unga, ukikasirika mwambie umekasirika. Usimtilie mchanga kwenye unga. Watakaolala njaa sio yeye peke yake.

Wakuu, nimemaliza, nimechoka vidole. Kama kuna mtu wa Bungoma anamjua Wafula aliyekuwa Mukuru miaka hiyo, mpiga ngoma, mrefu, mwambieni kuna Bubu wa Kaloleni anamtafuta, na kwamba siku ile hakusinzia.

Na wale mliowahi kuiona hiyo muvi, karibuni mchangie. Kama kuna mahali nimekosea kuisimulia, nisahihisheni, hata kwa ukali. Safari hii nataka isemwe jinsi ilivyokuwa.